«Masaa 10 ya video»: yalipimwa ku nyumba ya nani?

Bandugu, bayaya na wadogo wa promosyo zote, leo nitakuwa murefu kidogo, munisamehe. Wale walisoma tangazo la komite juma lililopita wanajua tayari niko nataka kusema juu ya nini: zile laptopu 8 za walimu wa Opala.

Nianze kwa kuipa komite haki yake. Kukusanya muchango kwa watu ambao nusu yao bado wanatafuta kazi haiko mambo ya muchezo. Feza ziko, hesabu iko wazi, proforma 3 zimetoka ku maduka ya Kisangani. Kisha komite ikapendekeza ile ya 2, na sababu ikaandikwa kwa herufi kubwa: mashini ile inafanya «hadi masaa 10 ya video». Ya 1 inafanya 7. Ya 3 haikusema kitu. Na kwa kuwa walimu wetu watatayarisha wanafunzi kwa Exetat kwa njia ya video za ku intaneti, basi 10 imeshinda 7, mazungumuzo yamefungwa.

Mimi nayafungua tena. Sipingi kununua, muchango wangu wa miezi 3 uko ndani. Ninapinga ile namba 10, na namna tumeisoma.

Mwaka jana nilikaa Opala miezi 4 nikikusanya data za TFC yangu. Kwa wale hawajafika kule: ni muji mukubwa wa teritware, ku ukingo wa mto Lomami, kusini-magharibi ya Kisangani. Umeme wa baraji ya Tshopo haufiki kule. Kila kitu kinachowaka kinawaka kwa pano ya jua ao kwa gurupu. Laptopu unaipeleka asubui kwa baba mumoja mwenye pano mbili na batri nene, unalipa, unarudi kuichukua saa 9 ya muchana. Ukiona 100% unashukuru Mungu.

Yaya yangu anafundisha ku shule moja kule. Siku moja akaniomba nionyeshe wanafunzi wake video ya lesula. Munamujua lesula? Ni kima wa pori letu. Wataalamu walimuona mara ya kwanza palepale Opala, mwaka 2007: kima mudogo aliyekuwa anafugwa ku nyumba ya direktere wa shule ya musingi. Mwaka 2012 wakamuandika kisayansi, Cercopithecus lomamiensis, jina la mto wetu. Wawindaji wa kwetu walikuwa wanamujua tangu zamani, wataalamu ndio walichelewa. Yaya alitaka watoto waone kwamba dunia nzima inamuangalia kima wa kwao.

Niliingia darasani na batri 61%. Simu yangu ndiyo ilikuwa inatoa mutandao. Madirisha wazi, jua kali, kwa hiyo mwangaza wa kioo niliupandisha mpaka mwisho, kama sivyo wale wa nyuma hawaoni kitu. Video inaanza, inasimama, inazunguka-zunguka, inaanza tena. Tangazo la sabuni la Ufaransa likatokea, watoto wakacheka. Tuliona lesula vipande-vipande. Saa moja haikufika, mashini ikafa. Simu nayo ilikuwa imebaki na 30 na kidogo. Yaya akasema «aksanti», na watoto wakapiga makofi kwa heshima. Mimi nilitoka na haya.

Jioni baba wa pano akaniambia: «Mutoto wangu, video inakula batri. Wewe andika tu Word.» Hiyo ndiyo mafundisho ambayo sisi wote tumekula tangu mwaka wa kwanza ku kampusi: filme ni mubaya kwa batri, Word ni muzuri, Facebook iko katikati. Na mimi niliiamini. Lakini sababu nilikuwa na muda (ku Opala muda uko), nikaanza kupima.

Kwanza nilitazama batri yenyewe. Ku Windows unafungua ile dirisha nyeusi ya «cmd» na unaandika powercfg /batteryreport. Inakutengenezea karatasi inayosema ukweli wote. Kuko mistari 2 ya muhimu: «DESIGN CAPACITY», yaani kile batri ilibeba ikiwa mupya, na «FULL CHARGE CAPACITY», yaani kile inabeba leo ikisema imejaa. Mashini yangu ni ya okazio, imetoka Ulaya, prosesa ya Intel kizazi cha 6. Batri yake ilizaliwa na wati-saa 48. Leo inabeba 29. Kwa hiyo ile 100% ambayo nilikuwa nashukulia Mungu ilikuwa 60% tu ya batri ya kweli. Haiko wizi, batri za litiamu ziko hivyo. Baada ya kusharje na kumaliza mara 300 mpaka 500 hivi, sehemu kubwa ya nguvu imekwisha kwenda, na joto linaharakisha mambo.

Kisha nikapima kazi moja-moja, kila siku moja kazi moja, toka 100% mpaka kuzima. Ni mashini yangu tu, kwa hiyo musichukue namba hizi kama sheria. Word peke yake, mutandao umefungwa, kioo nusu: masaa 4 na dakika kidogo. Kuingiza data zangu ku Excel: karibu sawa. Sasa filme, faili iko ndani ya mashini, naiangalia na VLC, mutandao umefungwa, kioo nusu: masaa 3 na dakika 25. Nilirudilia mara ya 2 sababu sikuamini. Filme nzima, na nyingine juu yake, na bado kuko batri! Kisha YouTube kwa mutandao wa simu, kipimo cha 1080: saa moja na dakika 40. YouTube ileile kwa 360: masaa 2 na dakika 25. Na siku ya mwisho sikuangalia video hata moja ya kuchagua, nilifungua tu Chrome na Facebook, WhatsApp na kurasa kama 12 za TFC: masaa 2 na dakika 20.

Musome tena ule mustari wa mwisho. Kuzunguka ku Facebook kulimaliza batri yangu upesi kuliko filme 2 mufululizo. Kwa hiyo mafundisho ya baba wa pano haiko ya kweli, ao iko ya kweli nusu. Video yenyewe haina zambi. Zambi iko ku njia inapitia kukufikia.

Nieleze kidogo. Batri ni bido, na wati-saa ni litre zilizo ndani. Bido ya wati-saa 50, kazi inayokunywa wati 5, ni masaa 10. Kazi inayokunywa wati 15, ni masaa 3 na dakika 20. Hakuna uchawi mwingine. Swali ni moja tu: kazi hii inakunywa wati ngapi?

Video inasafiri ikiwa imebanwa, sawa muzigo ku balenyeri. Namna ya kubana inaitwa kodeki. Ile ya zamani inayoenea kila mahali ni H.264, na laptopu karibu zote za miaka zaidi ya 10 iliyopita ziko na kipande maalumu ndani ya chipi cha kuifungua, kipande kidogo kinachokunywa kidogo sana. Prosesa inalala, kipande kinafanya kazi. Ndiyo maana filme ya ku faili haikuniua. Lakini YouTube, ili kupunguza mega, mara nyingi inatuma video kwa kodeki za kisasa zaidi, VP9 na AV1. Intel imeweka kipande kamili cha kufungua VP9 kuanzia kizazi cha 7 (mwaka 2016), na cha AV1 kuanzia kizazi cha 11 (mwaka 2020). Mashini yangu ni ya 6. Kwa hiyo prosesa ilikuwa inabeba muzigo wote kwa mabega yake, na feni inalia sawa mashini ya kusaga muhogo. Ongeza Wi-Fi ambayo hailali. Ongeza Chrome yenyewe. Ongeza simu inayotoa mutandao, sababu hiyo nayo ni batri ya 2 inayokufa pembeni na hakuna mutu anaihesabu.

Kioo pia tusikisahau. Filme ileile ya ku faili, nilipoiangalia na mwangaza mpaka mwisho, ilipoteza zaidi ya dakika 45. Darasa la Opala saa 5 ya asubui haliko chumba cha kulala cha Brussels.

Sasa turudi ku ile «masaa 10 ya video», sababu hapo ndipo niko na ugomvi.

Watengenezaji wanapoandika video, wengi wanapima namna gani? Filme iko ndani ya mashini ao mutandao ni wa nguvu, kioo kimepunguzwa, batri imetoka kiwandani. Hawadanganyi. Ku maandishi madogo chini ya ukurasa wanasema yote, na kabla ya namba wanaweka lile neno «hadi». Wanachagua tu ile kazi ambayo chipi inafanya bila jasho. Angalieni Microsoft: kwa Surface Pro 6 ya mwaka 2018 waliandika hadi masaa 13 na nusu ya kuangalia video ya ku faili. Mwaka uliofuata, Surface Pro 7, namba ikashuka mpaka masaa 10 na nusu. Batri haikupoteza robo ya nguvu katika mwaka moja. Kilichobadilika zaidi ni kipimo: mara hii waliandika «matumizi ya kawaida» badala ya video. Namba ndogo, lakini mimi naiheshimu kuliko ile kubwa.

Apple inafundisha kitu kingine. MacBook Air yenye chipi ya M2, ya mwaka 2022: hadi masaa 18 ya filme, lakini hadi 15 tu ya kutembea ku intaneti. Hata kwao filme inashinda kurasa! Na wanaandika kwamba kioo kiliwekwa ku kipimo cha 8 kutoka chini, na ngazi ziko 16, yaani nusu. Mutu wa Opala akisoma 18 na 15 bila kusoma ule mustari wa kioo, amesoma barua ya mutu mwingine.

Kwa hiyo komite ililinganisha 10 na 7 kana kwamba ni kilo za muchele zilizopimwa ku kilo moja. Hapana. Kila duka, kila kiwanda, kiko na kilo yake. Inawezekana kabisa ile ya 7 ilipimwa na mutandao wazi na ile ya 10 na faili. Proforma haisemi. Na proforma ya 2, ambayo tumeipenda, haisemi hata batri iko na wati-saa ngapi! Ni sawa kununua pikipiki kwa kuambiwa «inafika mbali». Ile ya 3, ambayo tuliitupa juu haikujisifu, iko imeandika wazi: 50 Wh, prosesa kizazi cha 8. Mimi ile karatasi kavu inanipa habari kuliko zile mbili zingine. Kizazi cha 8 kinafungua VP9 bila shida. Ya 2 ni kizazi gani? «Core i5», basi. Core i5 ziko tangu mwaka 2009, bandugu.

Nilisema hivi ku kikundi, na ndugu moja akanijibu: «Tatizo ni mutandao tu, tuweke Starlink kule, sasa iko na ruhusa.» Ni kweli, ARPTC iliipa ruhusa mwaka 2025. Lakini tufanye hesabu mbele ya kuota. Antena ya kawaida ya Starlink inakunywa wati 75 mpaka 100. Masaa 6 kwa siku, kwa wati 75, ni wati-saa 450. Batri moja ya jua ya volti 12 na ampea-saa 100, ile tunayoweza kununua, inabeba 1200 ku karatasi, na ukitaka isife upesi unatumia nusu, 600. Laptopu 8 za wati-saa 50 ni 400. Yaani antena peke yake inakula zaidi ya laptopu zote 8, na vyote viwili pamoja batri ile haiwezi. Ile ndogo, Starlink Mini, inakunywa 25 mpaka 40, hiyo tunaweza kuongea. Projekteri tusiiongee kabisa kwa sasa: zingine zinapita wati 200.

Na kuko kitu kinaniuma zaidi ya proforma. Mupango wetu wote umeandikwa na watu (mimi ndani) ambao wamezoea Kisangani, ambako umeme ukikatika unangoja urudi. Tumeandika «walimu watafuata masomo ku YouTube» sawa mutu anayeandika «watakula mukate asubui». Strimingi ni kazi ambayo kila mara unaangalia, unalipa tena: mega tena, batri ya mashini tena, batri ya simu tena. Somo lilelile la logaritimu, mwalimu akilionyesha kwa darasa 3, amelilipa mara 3. Faili unailipa mara moja, na tena unailipia Kisangani, usiku, ambako ni rahisi.

Wala hatuna haja ya kuvumbua. Kuko programu ya bure inaitwa Kolibri, ilitengenezwa kwa shule zisizo na intaneti: unatelesharje masomo ku mahali pako na mutandao, ikiwa pamoja na yale ya Khan Academy kwa Kifaransa, kisha unayabeba na unayafungua bila mega hata moja. Kuko Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima ya Kifaransa ndani ya diski. Wanafunzi wenye simu wanaweza kupokea video ileile ku kadi ya memori, na hapo hata laptopu ya mwalimu inapumuzika. Diski moja nje, mutu wa pikipiki anayeenda Opala, mambo yamekwisha. Kila muhula tunaituma tena ikiwa na mambo mapya.

Najua mutu atasema: sasa ukitoa strimingi, basi ile mashini ya «masaa 10 ya video» inakuwa ndiyo nzuri, sababu itacheza faili! Hoja nzuri, na ningekubali kama tungejua 10 ile ni ya batri ipi. Mashini za proforma ya 2 ni za okazio, imeandikwa ku mustari wa mwisho. Namba 10 ni ya siku iliyotoka kiwandani. Kama batri zake ziko sawa yangu, 10 ni 6, kisha ukiweka mwangaza wa darasa ni 4 na kitu. Na hiyo 4 na kitu, kusema kweli, kwa mwalimu anayesharje mara 2 kwa juma, inaweza kumutosha kama anacheza faili. Kwa strimingi haifiki mwisho wa somo la 2.

Kwa upande wangu ningechukua ya 3. Lakini siombi muniamini kwa maneno, na sipendi tugawanyike juu ya karatasi. Jumamosi komite inarudi ku maduka. Naomba tu hivi: kabla feza haijatoka mufukoni, mutu aombe mashini ifunguliwe, siyo ile ya vitrini, zile 8 zenyewe, na aandike powercfg /batteryreport ku kila moja. Ni dakika 2 kwa mashini. Asome mistari ile 2, aigawanye, na kama ya chini haifiki 80 kwa 100 ya ile ya juu, tuombe batri nyingine ao tushushe bei. Aangalie pia kizazi cha prosesa, ile namba ya kwanza baada ya «i5-»: 8 ni kizazi cha 8, 6 ni sawa yangu. Na duka likikataa kufungua, hiyo nayo ni jibu.

Niko Kisangani mpaka tarehe 20. Kama hakuna mutu wa komite mwenye nafasi Jumamosi, nitaenda mimi, na toleka nitajilipia.